Kutua kwa Ndege Ndogo Katika Hali Mbaya ya Hewa: Kwa Nini Rubani Huahirisha, Hughairi au Hurudi Alikotoka

Hutokea mara nyingi wakati wa masika. Ndege ndogo yenye abiria kumi au kumi na wawili inakaribia kiwanja cha changarawe kilichopo ndani ya hifadhi. Magurudumu yamebakiza kimo cha mnazi kugusa ardhi, abiria wanaona swala wakikimbia kando ya njia, kisha ghafla injini inanguruma kwa nguvu zake zote, pua ya ndege inainuka na ardhi inaanza kushuka tena chini. Abiria wanatazamana. Wapo wanaoanza kusali, na wapo ambao jioni watasimulia kwamba walinusurika ajali. Kwa rubani aliyeketi mbele, hata hivyo, hakuna kilichoharibika. Amefanya jambo alilofundishwa tangu siku za mwanzo za mafunzo yake, kabla hata hajaruhusiwa kurusha ndege peke yake: ameghairi kutua.

Watu wengi hudhani kwamba kutua ni tendo la dakika ya mwisho, yaani mkono wa rubani, jicho lake na bahati yake. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kutua salama huamuliwa ndege ikiwa bado imeegeshwa kwenye kiwanja cha kuondokea, rubani akiwa na kalamu, taarifa ya hali ya hewa na kitabu cha mwongozo wa ndege yake. Na katika kila hatua inayofuata, kuanzia kuwasha injini hadi magurudumu yanapogusa ardhi, rubani hubaki na mlango wa kutokea. Kazi yake kubwa ni kuhakikisha mlango huo haufungwi.

Kwa kawaida ndege huhesabiwa kuwa nyepesi inapokuwa na uzito usiozidi kilo 5,700 wakati wa kuruka. Cessna 172S, ndege ya viti vinne inayotumika sana katika vyuo vya urubani duniani, ina ukomo wa kilo 1,157. Cessna 208B Grand Caravan, ambayo wasafiri wa Zanzibar, Pemba, Mafia na hifadhi za kaskazini mwa Tanzania wanaifahamu kwa bawa lake la juu na injini yake moja, huruka ikiwa na takriban kilo 3,970. Ndege kubwa ya abiria ina uzito wa makumi ya tani na hukatiza upepo kwa uzito wake. Ndege nyepesi husukumwa, huinuliwa na kuzamishwa na upepo ule ule ambao msafiri wa ndege kubwa asingeuhisi. Aidha, ndege nyingi za kundi hili hutua katika viwanja visivyo na mnara wa kuongozea ndege, visivyo na taa na visivyo na lami. Katika viwanja hivyo rubani ndiye mwangalizi wa hali ya hewa, na ndiye anayekagua njia ya kutulia kabla ya kuitumia.

Maandalizi huanza kwa kusoma taarifa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ndiyo yenye jukumu la kutoa huduma za hali ya hewa kwa usafiri wa anga nchini, na taarifa zake hufuata muundo mmoja unaotumika duniani kote. Taarifa ya hali halisi ya kiwanja huitwa METAR, na utabiri wa kiwanja kwa saa zijazo huitwa TAF. Kwa asiyezoea, METAR huonekana kama maandishi ya siri. Chukulia mfano huu: HTDA 100800Z 16012KT 9999 FEW020 30/23 Q1014. Herufi nne za mwanzo ni jina la Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere katika orodha ya kimataifa ya viwanja. Kinachofuata ni tarehe 10, saa 08:00 kwa saa za dunia. Upepo unatoka nyuzi 160, yaani kusini kuelekea mashariki kidogo, kwa kasi ya noti 12. Upeo wa kuona ni kilomita 10 au zaidi, mawingu ni machache na kitako chake kipo futi 2,000, joto ni nyuzi 30, kiwango cha umande ni nyuzi 23 na mgandamizo wa hewa ni hektopaskali 1,014.

Suala la saa lina mtego wake kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Saa 08:00 ya dunia ni saa 11:00 kwa saa ya ukutani ya hapa, ambayo Mswahili huitaja kuwa saa 5 asubuhi. Muda ni ule ule, namba ni tatu tofauti. Rubani anayezungumza kwa simu na mlinzi wa kiwanja cha mbali, akaambiwa kwamba mvua ilianza "saa nane", hana budi kuuliza ni saa nane ipi.

Kila kipande cha taarifa hiyo kina kazi wakati wa kutua. Joto na kiwango cha umande vikikaribiana hadi tofauti ya nyuzi mbili au pungufu, ukungu au wingu la chini huenda likajitokeza. Mgandamizo wa hewa huwekwa kwenye kipimakimo, kwa sababu chombo hicho hupima hewa, hakipimi umbali wa ardhi. Kila hektopaskali moja ni sawa na takriban mita 8. Rubani aliyeacha kipimakimo chake kwenye 1,014 ilhali mgandamizo wa kiwanja anachoelekea ni 1,008 atasoma kimo kinachozidi kimo halisi kwa karibu mita 50. Mchana kweupe kosa hilo halina madhara makubwa. Chini ya wingu zito, karibu na vilima, mita 50 ni nyingi.

Baada ya taarifa huja mafuta. Kanuni za kimataifa kwa ndege zinazoruka kwa kuona ardhi hutaka ndege ibebe mafuta ya kufika inakokwenda pamoja na akiba ya dakika 30 mchana au dakika 45 usiku. Marubani waangalifu huongeza juu ya hapo mafuta ya kufika katika kiwanja mbadala. Mtu anayekwenda Arusha asubuhi ya mwezi Julai, wakati wingu la chini hufunika miteremko ya Mlima Meru hadi jua lipande, hujua mapema kwamba huenda akalazimika kutua Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro, chenye njia ya takriban mita 3,600 na vifaa vya kuongoza ndege kutua. Kiwanja mbadala kisichofikika kwa mafuta yaliyomo kwenye tangi si mbadala hata kidogo.

Hapo ndipo upepo unapoingia katika hesabu. Nahodha wa jahazi hufurahia upepo unaomsukuma kutoka tezi. Rubani anayetua huutaka upepo unaomkabili omo. Sababu ni rahisi. Bawa huhitaji kasi ya hewa inayopita juu yake, na upepo wa mbele hutoa sehemu ya kasi hiyo bure, hivyo ndege hugusa ardhi ikiwa inakwenda polepole zaidi na kusimama mapema. Kwa Cessna 172S, mwongozo wa mtengenezaji huruhusu kupunguza asilimia 10 ya umbali wa kutua kwa kila noti 9 za upepo wa mbele, lakini huagiza kuongeza asilimia 10 kwa kila noti 2 tu za upepo wa nyuma. Uwiano huo unafaa kukumbukwa: upepo wa nyuma huadhibu kwa haraka mara nne na zaidi kuliko upepo wa mbele unavyosaidia.

Ndiyo maana njia za kurukia na kutua hujengwa kufuata upepo wa mahali na hupewa namba za mwelekeo wake. Katika Kiwanja cha Abeid Amani Karume, Zanzibar, njia ni 18 upande mmoja na 36 upande wa pili, yaani nyuzi 180 kuelekea kusini na nyuzi 360 kuelekea kaskazini. Kusi inapovuma, ndege kwa kawaida hutua zikielekea kusini. Kaskazi inaposhika, hugeuza. Misimu miwili iliyoendesha biashara ya majahazi kwa karne nyingi bado inaongoza magurudumu ya ndege.

Tatizo hutokea upepo unapotoka ubavuni. Rubani hukokotoa ni kiasi gani cha upepo huo kinaisukuma ndege kando. Upepo ulio nyuzi 30 kutoka mwelekeo wa njia humsukuma kwa nusu ya kasi yake, wa nyuzi 45 kwa takriban saba ya kumi, na wa nyuzi 60 kwa karibu tisa ya kumi. Upepo wa noti 20 unaokuja kwa nyuzi 60 ni sawa na zaidi ya noti 17 za ubavuni. Cessna 172S ilithibitishwa katika majaribio kwa upepo wa ubavuni wa noti 15, ambazo ni kama kilomita 28 kwa saa, na Grand Caravan kwa noti 20. Namba hizi si lazima ziwe ukomo wa mashine. Ni upepo ambao rubani wa majaribio alitua nao bila kuhitaji ustadi usio wa kawaida. Rubani mwenye saa chache za kuruka huweka ukomo wake binafsi chini ya hapo, na hapaswi kuuonea aibu.

Kutua katika upepo wa aina hiyo kuna mbinu zake. Ndege hushuka ikiwa imeelekeza pua upande upepo unakotoka, ikisafiri upande upande kama kaa, ingawa njia yake juu ya ardhi ni iliyonyooka. Kabla ya kugusa ardhi rubani huinyoosha kwa kanyagio za miguu na kulaza kidogo bawa la upande wa upepo, hivi kwamba gurudumu la upande huo hugusa kwanza, la pili likafuata, na la mbele likawa la mwisho. Abiria anayehisi ndege imegusa ardhi kwa mguu mmoja asidhani rubani ameteleza. Ndivyo inavyotakiwa.

Katika viwanja visivyo na mnara, mshauri mkuu ni soksi ya upepo, kile kitambaa chenye umbo la mkono wa kanzu kinachoning'inia juu ya mlingoti. Soksi za viwango vinavyotumika katika viwanja vingi hunyooka kabisa upepo unapofikia noti 15. Rubani wa Cessna 172 anayeona soksi iliyonyooka na kukatiza njia ameshapewa jibu. Soksi inayoinuka na kuanguka, ikigeuka huku na huko, ni ishara ya upepo wa mafungu, na huo huhitaji kasi ya ziada. Kasi ya kawaida ya kukaribia njia ni mara 1.3 ya ile ambayo bawa hushindwa kuibeba ndege. Upepo ukiwa noti 15 na kupanda hadi 25 kwa vipindi, marubani wengi huongeza nusu ya tofauti, yaani noti 5. Nyongeza hiyo ina gharama: kila noti isiyo ya lazima huongeza urefu wa njia utakaohitajika.

Gharama hiyo huongezeka zaidi katika viwanja vya nyanda za juu. Kiwanja cha Arusha kipo takriban mita 1,390 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho, joto linalohesabiwa kuwa la kawaida katika fizikia ya anga ni nyuzi 6. Mchana wa nyuzi 28 hewa ya Arusha hutanuka na kuwa nyepesi kama hewa ya kimo cha zaidi ya mita 2,100. Kipimamwendo huendelea kuonyesha noti 65, lakini ndege inakwenda karibu noti 72 juu ya ardhi. Tofauti inaonekana ndogo. Hata hivyo, nguvu ambayo breki zinapaswa kuizima hupanda kwa mraba wa kasi, hivyo umbali wa kusimama huongezeka kwa karibu robo. Hewa hiyo hiyo nyepesi huipunguzia injini nguvu iwapo rubani atalazimika kupaa tena. Seronera, katikati ya Serengeti, ipo juu zaidi, zaidi ya mita 1,500.

Kisha ardhi yenyewe. Mwongozo wa Cessna 172S unaeleza kwamba katika usawa wa bahari, kwa joto la kawaida, bila upepo na juu ya lami kavu, ndege yenye uzito kamili huhitaji mita 407 tangu inapopita kimo cha mita 15 hadi inaposimama. Namba hiyo ilipatikana kwa ndege mpya, breki mpya na rubani wa majaribio. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza, katika ushauri wake kwa marubani wa ndege nyepesi, hupendekeza kuzidisha kwa 1.35 iwapo njia ni ya majani yaliyolowa, halafu kuzidisha tena kwa 1.43 kama kinga ya usalama. Mita 407 hugeuka kuwa mita 549, kisha mita 786. Kwa majani mafupi sana yaliyolowa juu ya udongo mgumu, kizidisho cha kwanza huweza kufika 1.6. Rubani aliyesoma namba ya kwanza pekee na kuona kiwanja cha mita 600 atajiona ana nafasi ya kutosha. Aliyemaliza hesabu ataona kwamba hana.

Lami yenye maji yaliyotuama nayo ina hila yake. Tairi huweza kupanda juu ya maji na kuteleza bila kugusa lami, na kasi ambayo jambo hilo huanza hutegemea ujazo wa upepo ndani ya tairi. Kanuni inayotumika ni kuzidisha tisa kwa kipeuo cha pili cha ujazo huo kwa paundi. Tairi la paundi 36 huanza kuelea kwenye noti 54, kasi ambayo ndege nyepesi huwa nayo inapogusa ardhi. Kukanyaga breki wakati huo hakusaidii. Rubani hushikilia mwelekeo, hurudisha flapi ili uzito ushuke kwenye magurudumu, na husubiri kasi ipungue. Wengine watasema pia kwamba viwanja vya udongo huwa na matope, mashimo na pundamilia. Ni kweli, na ndiyo sababu katika viwanja vya hifadhini ni desturi kupita kwanza chini chini juu ya njia, kuitazama na kuwafukuza wanyama, kabla ya kuzunguka na kutua.

Kati ya hatari zote za hewa, hakuna inayotakiwa kuheshimiwa kuliko wingu la ngurumo. Ndani yake hewa hupanda na kushuka kwa kasi ambayo ndege nyepesi haiwezi kushindana nayo, na chini yake huweza kumwagika mporomoko wa hewa baridi unaogonga ardhi na kutawanyika pande zote. Mporomoko huo mara nyingi huwa na upana usiofika kilomita 4 na hudumu kwa dakika chache, kati ya 5 na 15. Ubaya wake ni kwamba humdanganya rubani. Anapoingia, hukutana na upepo wa mbele. Kasi hupanda, ndege huinuka, naye hushawishika kupunguza nguvu za injini. Sekunde chache baadaye hewa inamkandamiza chini, na mara upepo unageuka kuwa wa nyuma. Kasi inaanguka wakati ambapo ardhi iko karibu na injini imepunguzwa.

Ukanda wa Ziwa Victoria una tabia yake katika jambo hili. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na ngurumo hujijenga juu ya ardhi inayozunguka ziwa. Usiku mzunguko hugeuka, hewa ya nchi kavu hukutana juu ya maji yenye joto, na ngurumo hukua juu ya ziwa hadi alfajiri na asubuhi. Safari za asubuhi za Mwanza na Bukoba hupangwa kwa kuijua tabia hiyo. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria yenye watu 43 ilianguka ziwani ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba wakati wa hali mbaya ya hewa, na watu 19 walipoteza maisha. Ndege hiyo ya aina ya ATR 42 ilikuwa na injini mbili na marubani wawili, na kwa uzito wake haihesabiwi miongoni mwa ndege nyepesi. Ndege ya injini moja ina nafasi finyu zaidi mbele ya wingu la aina ile.

Utaratibu kwa hiyo ni kukaa mbali. Mamlaka za usalama wa anga hushauri kuepuka ngurumo kali kwa maili 20 za baharini, yaani kama kilomita 37. Ngurumo ikiwa imefika kiwanjani, rubani husubiri mbali, au hugeuka kuelekea kiwanja mbadala. Ngurumo nyingi za alasiri husogea au hufifia baada ya muda. Dakika 40 za kuzunguka katika anga tulivu huwaudhi abiria, lakini ndizo akiba ya mafuta ilizowekewa.

Wingu la kawaida, lisilo na ngurumo, huua kimya kimya. Rubani anayeruka kwa kuona ardhi, katika anga inayoongozwa chini ya futi 10,000, hutakiwa kuwa na upeo wa kuona wa angalau kilomita 5 na kukaa mita 1,500 kando ya wingu na mita 300 juu au chini yake. Kuna anayeona masharti hayo ni urasimu. Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani waliwajaribu wanafunzi 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vyombo, wakiwaweka katika hali inayofanana na kuwa ndani ya wingu. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Sikio la ndani, ambalo humpa binadamu hisia ya kusimama wima, hudanganya pale jicho linapokosa upeo wa macho, na mtu huamini ananyooka ilhali anazama kwa mzunguko. Rubani anayeshuka chini zaidi na zaidi ili abaki chini ya wingu, akitumaini kuuona uwanja mbele ya kilima kinachofuata, anatembea ukingoni mwa hesabu hiyo.

Lipo pia jambo linalowashangaza wengi katika nchi za joto: barafu. Ndege za zamani zenye injini ya kabureta huweza kupata barafu ndani ya injini hata joto la nje likiwa nyuzi 20 na zaidi, kwa kuwa hewa hupoa ghafla inapopita katika koo jembamba la kabureta na petroli inapogeuka mvuke. Hewa yenye unyevu mwingi, kama ya pwani baada ya mvua, ndiyo inayofaa zaidi kwa hali hiyo, na hatari hukua nguvu za injini zinapopunguzwa ili ndege ishuke. Kwa sababu hiyo rubani hufungua hewa ya moto kabla ya kupunguza nguvu, na huifunga tena akihitaji nguvu kamili.

Yote haya hukutana katika maili mbili za mwisho. Ndege imeshapita sambamba na njia, imegeuka mara mbili na sasa inaitazama njia mbele yake, ikishuka kama futi 300 kwa kila maili moja ya baharini. Katika hali ya kuona vizuri, ikifika futi 500 juu ya kiwanja kila kitu kinatakiwa kuwa kimetulia: kasi iliyopangwa, mstari wa katikati, mteremko sahihi, flapi zimewekwa, ukaguzi umekamilika. Kimojawapo kikikosekana, rubani haendelei akitarajia kurekebisha baadaye. Huongeza nguvu zote za injini, huinua pua, hurudisha flapi kwa awamu na si kwa mkupuo, kwa kuwa flapi zikiondolewa ghafla ndege huzama, na ikishaanza kupaa kwa uhakika ndipo humweleza mwongozaji wa ndege. Kwanza kuiongoza ndege, kisha njia ya kwenda, mawasiliano mwisho.

Hatua hizo ni chache na hufunzwa mapema. Kinachozifanya kuwa ngumu ni watu. Kuna abiria anayewahi ndege nyingine, kuna kiongozi anayesubiriwa na mkutano, kuna jua linalozama kama saa 12 na nusu jioni na kiwanja kisicho na taa. Kila mmoja wao husukuma kidogo mkono wa rubani. Msukumo mzito kuliko yote ni wa mgonjwa. Baadhi ya watoa huduma za ndege za wagonjwa duniani wameweka utaratibu wa kutomweleza rubani hali ya mgonjwa hadi awe ameamua kama hali ya hewa inaruhusu safari. Akijua kwamba anayesubiri ni mtoto, ataliona wingu kuwa jembamba kuliko lilivyo. Utaratibu huo unaweza kuonekana wa kikatili. Umewekwa kwa sababu ndege inayoanguka njiani haimfikii mgonjwa yeyote, na huongeza wafu wengine.

Mchango wa abiria ni mdogo lakini ni wa kweli. Kutaja uzito sahihi wa mwili na mizigo ni sehemu ya hesabu ya kutua, kwani kilo zilizofichwa kwenye begi hazionekani kwenye karatasi ya rubani ila hufika kwenye breki. Kukaza mkanda hadi injini izimike, kunyamaza wakati ndege inashuka, na kutomwita rubani begani kumuuliza kwa nini anazunguka, navyo vina uzito wake.

Na ndege ikishatua, kazi haijakwisha. Upepo uliokuwa ubavuni ungali unavuma, na ndege nyepesi inayotembea polepole kuelekea maegesho huweza kuinuliwa bawa ikiwa usukani hautageuzwa kufuata upepo. Pangaboi linapaswa kusimama kabisa kabla mlango haujafunguliwa, na abiria hushuka wakielekea nyuma ya bawa, mbali na pua. Wanapokimbilia kibandani kujikinga na matone ya kwanza, rubani hubaki nje akiweka vizuizi vya magurudumu, akifunga usukani usichezwe na upepo, na kukaza kamba za mabawa kwenye vyuma vilivyochimbiwa ardhini. Kisha hutazama tena soksi ya upepo na wingu lililo nyuma yake, akikadiria iwapo safari ya kurudi itakuwepo jioni hiyo au kesho yake asubuhi.